Mikono ya Mjomba Athumani

Juzi niliona kwenye televisheni mawe yenye chuma yakishuka ndani ya tanuri. Nikamkumbuka Mjomba Athumani, ndugu yake mama, alasiri aliyorudi Mambrui kutoka Uarabuni, alikofanya kazi ya tanuri kama lile.

Aliketi jikoni, penye harufu ya nazi na moshi wa kuni. Nilimwamkia, kisha nikamuuliza mawe huyeyukaje.

"Hayayeyuki ghafla, mwanangu," alisema polepole. "Kwanza hulegea, yakashikana kama unga wa kaimati. Yakifika chini kwenye moto mkali, chuma hutiririka kama uji."

Wali ukaanza kuungua. Mjomba akaipua sufuria kwa mikono mitupu, akasimama nayo akitafuta pa kuiweka. Nilipiga makofi.

"Athumani, husikii moto?" mama aliuliza.

"Sisikii kitu, dada. Tangu ile ajali ya tanuri."

Mama aliipokea sufuria kwa kanga yake. Siku hizi najua kwamba mishipa ya fahamu ya mikono ile ilikuwa imekufa. Siku ile nilidhani ni ushujaa, nikakimbia kuwaita wenzangu. Walipokusanyika uani, mjomba aliweka kaa la moto kiganjani, kwa sababu mimi nilimwomba.