Nilivyomwacha Akoth nje ya hoteli Homa Bay ndio nipige jazz

Wakuu, salamu kwa wote, hata nyinyi mnaoingia hapa kusoma tu halafu mnatoka kimya kimya kama mtu aliyekula matangani bila kumjua marehemu.

Haya yalinipata mimi mwenyewe. Sehemu zinazoniaibisha sijazitoa, na ziko kadhaa.

Mimi hupiga gita la besi. Miaka tisa nilikuwa kwa bendi moja ya Uriri, ambayo jina lake linaishia na Jazz.

Wale si wa huku waelewe kitu: kwetu bendi kuitwa Jazz haimaanishi inapiga jazz. Ni benga, muziki wetu wa magita ya haraka. Wazee waliona hilo neno ni tamu wakalibandika, basi. Ni kama kinyozi aandike International kwa kibanda cha mabati.

Kiongozi alikuwa Jaduong' Nyambok, yaani Mzee Nyambok, wa sitini na kitu, gita la solo. Halafu kulikuwa na Akoth, mcheza densi wetu.

Nisiwadanganye, watu walikuwa wanakuja kumwona Akoth. Miaka thelathini na nane, goti moja bovu, lakini akitingisha kiuno hata shemasi anasahau alikuwa anaenda wapi. Na ni yeye alikuwa anatutafutia kazi. Matanga Karungu, harusi Ndhiwa, kote alijulikana na akina mama.

Sasa meneja wa hoteli fulani kando ya ziwa, Homa Bay, akaona bango letu. Akapiga simu. Anataka jazz band kila Jumapili, wageni wakila lunch.

Tukaenda. Wimbo wa kwanza haujafika katikati, Jaduong' ameanza kusifu wageni asiowajua, meneja akatusimamisha kwa upole.

Akasema alitaka jazz.

Jaduong' akageuza ile ngoma kubwa ndio jina la bendi lionekane. "Si hii hapa?"

Meneja akatoa simu akatuchezea jazz yake. Saksafoni inalia polepole kama ng'ombe mwenye homa. Akauliza kama tunaweza kitu kama hicho, bila kuimba. Kisha akamwangalia Akoth na sketi yake ya katani, akasema huyo dada apumzike kwanza, wageni wako na familia.

Jaduong' akaanza kukunja waya. "Akoth akitoka, na mimi natoka."

Wote wakaniangalia. Wakuu, nilikuwa nimechoka na matope ya matanga. Nilikuwa nataka kazi ya shati iliyopigwa pasi.

Nikamwambia, "Jaduong', wewe umezeeka. Unataka na sisi tuzeekee matangani?"

Akabeba gita lake akatoka. Ni Akoth aliongea, akasema niachwe nifanye kazi, goti lake pia limechoka. Akaenda kukaa kwa ukuta nje ya jikoni, begi kwa mapaja. Nilikuwa namwona vizuri kutoka pale niliposimama. Nikapiga tu.

Tulibaki watatu: mimi, wa ridhimu na wa ngoma. Siri yetu ilikuwa moja. Tulichukua benga ile ile, tukaondoa maneno, tukaipunguza mwendo. Wimbo wa kumsifu fundi wa baiskeli wa Ndhiwa, wageni wanafunga macho wakiusikiliza.

Mmoja akaniuliza nilisomea jazz wapi. Nikamwambia Rongo. Akaitikia kwa kichwa kwa heshima, kumbe ni kamji tu karibu na kwetu.

Miezi nane nilivaa tai.

Halafu Jumapili moja spika ya besi ikazima katikati ya wimbo. Nikaendelea kugusa nyuzi, sauti hakuna, kama mtu anajikuna. Nikamaliza wimbo huo na mwingine. Hakuna aliyegeuka. Hata wa ngoma, aliyekaa mita moja kutoka kwangu, hakujua.

Hapo ndio niliskia vibaya kweli. Nilirudi nyumbani nikaweka ile tai kwa kabati na sikuenda tena.

Nikaanza kuuliza Akoth yuko wapi. Nilikuwa nimeogopa kuuliza, kwa sababu bila sisi watatu bendi ilikuwa imekufa.

Nikampata Uriri, kwa ukumbi wa kanisa, saa kumi jioni. Daktari alikuwa ameambia akina mama wenye presha wafanye mazoezi, na Akoth akawaambia mazoezi ni kucheza. Ukumbi umejaa leso na jasho. Pembeni, kwa kiti cha plastiki, Jaduong' anapiga solo.

Nilisimama mlangoni mpaka wimbo ukaisha. Nikaomba msamaha mbele ya akina mama wote. Akoth akauliza, "Besi iko wapi?"

Nikasema nimeiacha nyumbani.

"Sasa umekuja kufanya nini?"

Nikaenda kuileta. Niliporudi Jaduong' aliniangalia kwa mara ya kwanza. "Huku tunapiga haraka," akasema. "Utaweza?"

Sikuweza, wakuu. Vidole vilikuwa vimelala. Mama mmoja mzee alinicheka mpaka akaketi chini.

Sasa ni mwaka. Jaduong' bado hajanisamehe kabisa. Akitambulisha wapigaji, jina langu linakuja baada ya kumshukuru mwenye kile kiti cha plastiki.

Nilichojifunza: mtu akikuuliza uko tayari kwa kazi, geuka kwanza uone ni nani anaambiwa apumzike. Mimi niligeuka, nikamwona, nikapiga tu.

Kuna mwingine hapa alimwacha mwenzake nje ndio aingie? Leta yako. Na wewe uliyeachwa nje pia sema, wewe ndio nataka kusikia zaidi.