Ng'ombe wa Mama Mkwe na Mzinga wa Manowari

Asubuhi bado ina baridi. Karibu na stesheni ya Dodoma, Matonya amepiga magoti, anakata ngozi mbichi za ng'ombe kuwa kamba ndefu. Nyuma yake umesimama mzinga uliotolewa kwenye manowari ya Wadachi, yaani Wajerumani, iliyozama mtoni Rufiji. Kamba hizo zitauvuta hadi Kondoa, vitani.

Mzinga huu haukuundwa kwa ajili ya barabara. Melini ulikaa juu ya kiti cha chuma kilichokazwa kwenye sitaha, ukigeuka kila upande, na maji ndiyo yaliyobeba uzito wote. Sasa umetiwa magurudumu, na uzito uko shingoni mwa ng'ombe. Wengi wanafia njiani.

"Leo umekuwa baharia, Mgogo, na hata miguu hujalowa," anamtania Mustapha, askari anayesimamia kazi.

Matonya hacheki.

Wadachi walipodai ng'ombe mmoja kwa kila boma, yeye alikuwa na madume mawili yenye nguvu. Moja lake. La pili la mama mkwe wake, Loisi wa Buigiri, aliyempa amtunzie, kama Wagogo wanavyotawanya mifugo kwa ndugu ili ukame usiimalize yote. Matonya alitoa la mkwe.

Ng'ombe wa amana akifa, mtunzaji humpelekea mwenye ng'ombe ngozi yake. Asipoipeleka, huhesabiwa amemla.

Jana zililetwa ngozi za ng'ombe waliokufa njiani. Mojawapo ilikuwa nyeusi, yenye baka jeupe begani. Matonya aliitambua. Askari alikuwa amemsimamia, hivyo Matonya akaikata kuwa kamba.

Leo amemwomba Mustapha amrudishie kamba zile. Mustapha amekataa, ila kwa upole: mteremkoni kamba zikipungua, mzinga utawaponda watu.

Limebaki lile baka, dogo kama kiganja. Matonya amelificha ndani ya nguo.

"Mke wangu, Hana, ananishauri niseme Wadachi walimchukua ng'ombe wa mama yake," anamwambia Mustapha. "Ni kweli, walimchukua. Lakini aliyemfungulia zizi ni mimi."

Kazi hii ikiisha, atakwenda Buigiri na baka lile, akiswaga dume lake mwenyewe kama fidia.

Anainamia kisu tena. "Siku zote nimeinamisha macho mbele ya mama mkwe kwa heshima. Safari hii itakuwa kwa aibu, naye ataijua."