Wagonjwa wa Jericho

Mwishoni mwa miaka ya sabini mama mkwe alitoka kijijini kwao Kitui akaja kukaa kwetu mjini, mtaa wa Jericho, kichwa kikimuuma kila asubuhi na jicho la kushoto likififia. Sikufurahi, niseme ukweli. Nyumba ilikuwa ndogo, watoto walikuwa tele, naye alikuwa mtu wa kukagua sufuria zangu.

Mume wangu, dereva wa lori la kiwanda kimoja cha eneo la Baba Dogo, alimpa somo kabla ya kumpeleka hospitali kuu.

"Ukiulizwa unakaa wapi, sema Jericho. Ukisema ushago, kule kijijini, watakurudisha hospitali ya huko."

Hatukumjua hata mtu mmoja aliyewahi kurudishwa. Lakini mtaa mzima uliamini hivyo, na kila nyumba iliyopokea mgonjwa kutoka nyumbani ilimfundisha jibu lilo hilo. Mama mkwe akasema Jericho. Alipigwa picha ya kichwa, akakutwa na uvimbe kwenye ubongo, akapasuliwa. Aliporudi kwangu alikuwa amenyolewa, ana kovu kutoka sikioni hadi utosini, na jambo la kwanza alilofanya ni kufunua sufuria na kuguna. Nilicheka hadi machozi yakanitoka. Nilikuwa nimeogopa sana.

Alirudi kijijini, ila kila alipotakiwa kliniki alikuja kwetu kuchukua vidonge vya kuzuia kifafa. Bila hivyo alikuwa akianguka. Ilikuwa katika safari moja kama hiyo daktari kijana alipobisha hodi. Alikuwa akiwafuatilia watu wote waliopasuliwa uvimbe wa ubongo, ajue umri wao, kazi zao na makwao. Alisema wengi mno walikuwa wakitoka mitaa yetu hii. Akauliza kuhusu maji, moshi wa viwanda, hata rangi ya kuta.

Majirani walikuwa wameshajaa mlangoni.

"Ni hii maji!" akasema mmoja. "Si nilisema hii maji iko na kitu?"

Mwingine, muuza vitunguu wa sokoni, alikitazama kitambaa cha mama mkwe kichwani, kisha akamvuta mwanawe aliyekuwa ameegemea goti la mgonjwa. Hapo nilipandwa na hasira. Nilimwambia uvimbe si mafua, na kama anaogopa, njia aliyojia anaijua.

Mama mkwe aliweka kikombe chini.

"Mwanangu daktari, mimi si wa hapa."

Mume wangu akakohoa kwa nguvu. Nami niliviwazia vile vidonge. Yeye akaendelea tu. "Mimi ni wa Kitui. Nilifundishwa kusema Jericho."

"Hata mgonjwa wangu alikuwa wa Machakos," akasema yule wa maji, polepole.

"Wangu wa Siaya," akasema mwingine nyuma.

Daktari alijifuta uso kwa kiganja. "Nani aliwaambia mtarudishwa?"

Hakuna aliyejua.

"Mimi nawaona wale tu wanaofika kupasuliwa," alisema. "Wanaofia nyumbani siwaoni. Na hao wanaofika wote wakisema Jericho, basi kwa hesabu yetu huko kwenu ugonjwa huu haupo."

"Upo," akasema mama mkwe. "Jirani yangu macho yanazimika kama yangu. Nimemwambia aje, wakwe zake wamekataa."

"Mlete. Na aseme anakotoka."

Kliniki iliyofuata alikuja naye, amemshika mkono. Nilikuwa pamoja nao dirishani karani alipouliza mgonjwa anakaa wapi. Mama mkwe alikitaja kijiji chao kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe. Hakuna aliyewarudisha. Mwanamke yule alipasuliwa, na yeye mwenyewe mama mkwe akapewa vidonge vyake kama kawaida.

Jirani huyo alipotoka wodini alipumzika kwangu. Jicho moja lilikuwa limeshakufa, la pili lilibaki likiona. Nilimpa uji, nikamuuliza kwa nini alikaa muda wote huo nyumbani ilhali mama mkwe, jirani yake, alikuwa ameshapona.

Alilielekeza kwangu lile jicho zima.

"Nyumbani walisema huo ni ugonjwa wa watu wa Jericho," alisema. "Na mimi Jericho sikuwahi kufika."