Mgeni wa Kipandauso

Wewe cheka tu, nimeshazoea. Ukimaliza kucheka kaa hapa usikie, maana haya sikusimuliwa na mtu wala sikuyaona kwenye simu. Yamenikuta mie mwenyewe, ndani ya chumba changu, Tandika, jua bado halijazama, na mashahidi wapo hai hadi leo ingawa hawataki kusema. Anayetaka kuniita mwongo aje aniite usoni.

Mie nilikuwaga mpika udi. Harusi yoyote ya mtaani kwetu, ukiingia chumba cha bibi harusi ukakuta harufu inakufuata mpaka kwenye nguo, jua hiyo ni kazi ya mikono yangu. Nachemsha sukari kwenye sufuria, namwaga marashi, miski, unga wa udi, nakoroga mpaka mkono unakufa ganzi. Uani kwangu moshi ulikuwa haukatiki. Kazi nimeirithi kwa mama, na pamoja na kazi nikarithi kichwa.

Si kichwa cha kawaida, elewa. Kipandauso. Asiyekijua atakwambia meza vidonge viwili ulale. Kinaanza na jicho: kitu kinametameta pembeni, kama bati jipya lililopigwa na jua, halafu upande wote wa kushoto unafutika. Nikikutazama usoni naona sikio moja tu na nusu ya pua. Baada ya hapo ndiyo nyundo inaanza. Natapika, sitaki mwanga, sitaki sauti, hata mtu akiburuta miguu huko nje naona ananikanyaga ubongo. Siku nzima imekwenda, na kesho yake nakuwa mtu wa kuokotwa.

Nimehangaika, we acha tu. Nimechanjwa chale kwenye panja. Nimefungwa kanga kichwani ikakazwa mpaka macho yakanitoka. Nimenunua miwani Kariakoo. Vidonge vya maumivu nilikuwa natafuna kama karanga, kila siku, kiume kisiume, maana naogopa kitauma. Na kila kikinishika, ndugu zangu wananifunika shuka, chetezo chini, wananifukiza udi, udi huohuo niliopika mwenyewe. Kwa nini? Kwa sababu kwetu kila mtu anajua kichwa hiki kina mwenyewe.

Mwenyewe huyo ni ruhani. Ndivyo walivyomwambia mama tangu ni msichana. Ruhani wa kike, mpenda harufu nzuri, anataka kiti. Kiti ni mtu, yaani wewe unayekaliwa. Mama akamkubali, akamvalia nyeupe, akawa anamchomea udi kila Alhamisi mpaka siku alipoingia kaburini. Na kichwa je? Hakikumwacha. Mama alipata jini juu ya kichwa, akawa na vyote viwili. Mie nikilisema hilo, Mamkubwa, dada yake mama, ananiambia nifunge mdomo, ruhani anasikia.

Mie nilikataa kukaliwa. Miaka yote nimekataa. Mume wangu, ambaye anafanya kazi kwenye yadi za makontena Kurasini, alikuwa upande wangu kimyakimya, upande ambao haukusaidii kitu mbele ya Mamkubwa. Na ningeendelea kukataa hivyohivyo kama si Nasra.

Nasra ni binti yangu, sina mwingine. Siku moja karudi shule mapema, kashika kichwa, uso umempauka. Nikamuuliza vipi.

"Mama, nusu ya ubao siioni."

Nilikaa chini palepale kwenye ngazi. Mamkubwa alipopata habari alikuja mbio, hata maji hakunywa. Akasema ruhani kachoka kunibembeleza, sasa anamtafuta mtoto, na kama sitamkubali mie Alhamisi inayokuja atamkalia Nasra, na kwa mtoto hatoki tena. Haya, wewe ungefanyaje hapo? Ubishe, na mtoto anatapika kwenye beseni mbele yako? Nikasema basi, nileteeni huyo fundi.

Fundi ni mganga wa mambo hayo. Alitoka Chanika na mkoba wake, mzee nadhifu, kanzu imepigwa pasi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia vizuri, akatoa masharti. Usiku wa kuamkia siku yenyewe nikeshe. Nisitie kitu mdomoni tangu alfajiri. Nivae nyeupe. Alasiri nikae chumbani peke yangu, madirisha yamefungwa, chetezo mbele yangu, na wao wote wangoje uani. Atakuja mgeni, akasema, na mgeni ataniuliza kama nimemkubali. Kazi yangu ni kujibu nimekubali, basi, imekwisha. Nasra tukampeleka kwa jirani.

Nikaingia. Njaa inaniuma, usingizi unanivuta, moshi umejaa mpaka dari siioni. Haikupita muda lile bati likaanza kumetameta jichoni. Upande wa kushoto ukafutika: kabati limeondoka, mlango umeondoka. Na palepale ambapo hapakuwa na kitu, mtu akakaa.

Niamini. Mkeka niliokalia ulivutika, vile unavyovutika mtu akikaa. Nikageuza shingo nimtazame, na yeye akahama na jicho langu, akabaki kwenye upande usioonekana. Utaniuliza, kama huoni, umemwonaje? Hata mie sijui nikujibu vipi, nilimwona pale nisipoona. Mwanamke mtu mzima, kanga kajitanda imemshukia nusu ya uso, mikononi hina iliyofifia. Najua unangoja kwato. Hana kwato. Alivaa kandambili za bluu, kama mie na wewe.

Akanitolea salamu taratibu, kama mtu aliyetoka kutembea juani. Nikaitikia, nifanyeje, nimelelewa. Halafu akauliza.

"Umenikubali, mwanangu?"

Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno, wallahi. Kilichonizuia si ushujaa, ni huko kuniita mwanangu. Mwana wa nani? Hasira zikanipanda, hasira za miaka, zikayapita hata maumivu. Nikamwambia angoje, kabla sijamjibu na yeye anijibu.

"Mama yangu alikukubali. Mbona alikufa ameshika kichwa?"

Nje namsikia Mamkubwa anakohoa. Nikamuuliza tena, safari hii kwa sauti ya kugombana, maana nimechoka, na mtoto wangu yuko kwa jirani anaumwa.

"Kichwa si changu," akasema. "Kichwa ni chenu, mnazaliwa nacho. Mie nakuja kikishauma. Mnakuwa mko wazi, harufu nzuri imejaa, naingia nakaa."

Unasikia maneno hayo? Yaani mama yangu, Alhamisi zake zote, nguo nyeupe zote zile, alikuwa anamhudumia mpita njia! Nikamuuliza kama anaweza kunitolea hicho kichwa. Akasema hawezi. Nikamuuliza kama anaweza kumtolea Nasra. Akasema hawezi, ila anaweza kukaa naye asiwe peke yake. Alilisema hilo kwa upole kabisa, na upole ule ndio uliniwasha.

Nikasimama. Kichwa kinapasuka. Pembeni waliniwekea ndoo ya maji ya marashi, ya kuogea nikishamaliza kumkubali. Nikaibeba nikaimwaga yote kwenye chetezo. Makaa yakapiga kelele, majivu yakatapakaa sakafuni. Nikafungua madirisha, moja baada ya jingine, kwa kupapasa. Ndipo nikamgeukia, au niseme nikaugeukia upande wake.

"Sijakukubali. Na mwanangu hajakukubali. Kama huna dawa, hapa hukai."

Alinyanyuka polepole kama mtu mwenye magoti mabovu. Akaniuliza sasa aende wapi. Nikamjibu hilo si langu.

Nilitoka nyuma yake nikishika ukuta. Uani fundi alikuwa kakaa kwenye kigoda karibu na mlango, na nilimwona kwa macho yangu akikunja miguu kumpisha mtu. Ampishe nani, kama hakuna mtu? Kwenye sementi palikuwa na alama za kandambili, mbichi, zenye majivu, zinatoka chumbani kwangu zinakwenda getini. Mie nilikuwa pekupeku. Fundi alizitazama, akachukua mkoba wake, akaondoka, hata kwaheri hakusema. Mamkubwa alijifunika uso na kanga yake. Tangu siku hiyo hajakanyaga kwangu, na tukikutana misibani tunakaa mikeka tofauti.

Kesho yake nikamshika Nasra mkono tukaenda hospitali. Daktari alikuwa dada mmoja wa bara, hana maneno mengi. Akammulika Nasra machoni, akampima presha, akamwambia atembee, kisha akatuuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza: mnakula wakati gani, mnalala vipi, hedhi inakujaje, nyumbani kuna moshi gani, nani mwingine kwenye ukoo. Nikamwambia mama. Akasema kipandauso kinatembea kwenye damu ya ukoo, na kuna vitu vinakiamsha. Njaa. Kukosa usingizi. Jua kali. Moshi, na harufu kali.

Nilicheka, daktari akashangaa. Si masharti ya fundi hayo? Usile, usilale, jifungie na moshi, halafu ngoja mgeni. Asingekuja vipi! Na vile vidonge nilivyokuwa natafuna kila siku, akasema, navyo vikizidi vinaleta kichwa. Hapo sikucheka, niliona uchungu tu. Akanipa dawa ya kumeza kila usiku ya kukizuia, na nyingine ya kuwahi mara tu jicho likianza. Nasra alipewa ya umri wake, akasisitiziwa asiende shule na njaa.

Nilimweleza habari za yule mgeni, sikumficha. Akasema kichwa kikiwa kwenye hali ile, ubongo unaweza kumwonyesha mtu mambo. Sawa, ubongo wangu siujui, yeye kausomea. Lakini nikamuuliza na fundi je, alikunja miguu kuupisha ubongo wangu? Akanitazama, akasema turudi mwezi ujao.

Udi nimeacha. Iliniuma, nisikufiche. Ilikuwa kazi ya mama na ndiyo niliyoijua, na sufuria yake nililia nilipoigawa. Mtaani wamesema mpaka wamechoka: kapata kiburi, kamtukana ruhani, subirini mtaona. Wasubiri. Sasa nashona foronya na mashuka, cherehani ipo karibu na dirisha, upepo unapita. Kichwa bado kinanijia, ila si kama zamani, na kikija nameza dawa mapema, nakula kidogo, nalala gizani. Wakati mwingine jicho likimetameta nasikia harufu ya miski kwenye nyumba isiyo na udi. Sigeuki. Kushoto kwangu simkalishi mtu, na hata mume wangu kajifunza kulala kulia.

Juzi kilimshika Nasra yuko peke yake nyumbani, mie nimeenda kununua vitambaa. Nimerudi nimemkuta kalala, pazia limeshushwa, dawa kameza, sahani ya viazi kaimaliza. Nikakaa namwangalia mpaka akaamka. Nikamuuliza unajisikiaje, akasema afadhali. Akajinyoosha, kisha akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mama, kuna bibi alikuja kukaa hapa. Nimemwambia ahsante, simtaki."

Na mie sikuwahi kumwambia mtoto yule habari za bibi yeyote. Nilimkumbatia nikalia, yeye anauliza kwani kuna nini.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza huku umeshika panja, nenda hospitali. Kikikupiga ghafla, kikali kuliko vyote ulivyowahi kuumwa, au kikaja na homa na shingo kukaza, au mkono ukalegea na mdomo ukaenda upande, usingoje hata kukuche. Angalia unakula vipi, unalala vipi, unavuta moshi gani. Watakuja watu wanaokupenda kabisa wakuambie kichwa chako kina mwenyewe. Mwenyewe ni wewe. Na ikitokea umekaa na njaa kwenye chumba kisicho na hewa, mtu akaja akakaa upande usiouona, akakuuliza kwa sauti nzuri kama umemkubali, usimjibu kwanza. Muulize ana dawa gani. Mama yangu hakumuuliza.