Severa na Msiba wa Simu

Asubuhi ile Severa alimwambia mumewe, Heriel, kwamba shati lake amelivaa nje ndani.

"Nani atanitazama mimi?" Heriel akauliza.

"Hakuna. Ila akitokea mmoja atasema una mke kipofu."

Akamvua, akaligeuza, akamvika kama mtoto. Wakanywa chai ya rangi na kiporo cha ndizi. Severa alikunywa amesimama. Alisema makalio yakizoea kiti, biashara inakufa. Kisha wakatoka nyumbani Ilala kwa miguu, yeye mbele na funguo, Heriel nyuma na goti lake bovu, hadi dukani kwao Mtaa wa Aggrey. Heriel akachomoa nondo iliyokaza geti, akaisimamisha kwenye kona ya mlango, mahali pake pa siku zote. Ile ndiyo asubuhi ya mwisho waliyoamka hawana jambo moyoni.

Severa hakuwa mtu mpole. Aliteremka kutoka Machame enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa na marobota ya mitumba yakaanza kushushwa Kariakoo. Alitandika turubai chini, akauza. Mgambo wa jiji walipomwaga nguo zake mtaroni, alimng'ata mmoja mkono mpaka akaonja damu, akalala rumande akitukana. Kiwiko chake kilibaki na alama ya rungu iliyovimba kila masika.

Mwaka uleule kibaka alimchomolea pochi. Severa akapiga yowe la mwizi. Watu wakamkimbiza, wakamkamata Mnazi Mmoja, wakampiga mpaka jicho likatoka. Pochi ilikuwa mfukoni mwake. Severa aliifuta damu kwa kanga, akarudi kwenye turubai lake. Hakuisimulia habari ile. Ila kila likipigwa yowe mtaani, alisema maneno yaleyale: "Alikuwa mwizi kweli. Lakini jicho lake halikuiba kitu."

Turubai likawa meza. Meza ikawa duka la sufuria.

Basi siku ile ya shati, jua limeshapanda, simu ya Severa ikalia mara moja. Heriel hakujua kusoma, kwa hiyo Severa akamsomea. Mzee Ndekirwa wa kwao Machame amefariki usiku. Rambirambi zitumwe namba hii, ni ya mwanawe.

Severa alikuwa mweka hazina wa chama cha watu wa kwao waliokuwa na maduka Kariakoo. Na watu wa kwao, wakiletewa habari ya kifo, hawaulizi. Kumpigia mfiwa umuulize kama kweli amefiwa ni kumzikia maiti wake mara mbili. Unaitika tu. Unafunga duka, unatoa ulichonacho, unakwenda. Aliyeandika ujumbe ule aliijua desturi hiyo. Majina na namba za viongozi alikuwa nazo pia, maana chama kilizichapa kwenye kalenda na kuzigawa Kariakoo nzima. Watu walionea fahari kalenda ile.

Severa akapita duka hadi duka, akakusanya, akatuma. Kutuma pesa kwa simu kulikuwa bado kugeni, akajiona ameendelea.

Aliyelia sana ni Aristides, mwenyekiti wa chama, muuza vitenge wa ng'ambo ya barabara. Mzee Ndekirwa alikuwa baba yake mdogo, ndiye aliyemlea. Aristides alikuwa mtu mnene, mcheshi, kila Krismasi akila kwa Severa na kulalamika kwamba nyama ni ndogo. Siku hiyo alikaa dukani kwa Severa juu ya beseni lililopinduliwa, akalia mpaka beseni likabonyea.

Wakakodi basi, wakapanda Machame na jeneza. Walimkuta mzee ameketi mlangoni pake anamenya ndizi. Alitazama jeneza likishushwa.

"La nani hilo?" akauliza.

 Aristides akapiga magoti kwenye matope, akachuma jani la sale, akampa kwa mikono miwili. Kwao, aliyekosa huleta jani hilo, na aliyekosewa hawezi kulikataa. Mzee alilipokea. Lakini hakula nao.

Haukupita muda mrefu, mzee akafa kweli. Mwanawe akatuma ujumbe. Aristides aliusoma akiwa dukani kwake, akacheka, akajibu: "Tafuta kazi, mbwa wewe." Wengine nao hawakuitika. Severa peke yake ndiye aliyetaka kwenda, Aristides akamzuia: "Mama Joyceline, utatapeliwa mara ngapi? Unawapenda eti?" Mzee akazikwa na majirani. Aristides alipojua kwamba ni kweli, kaburi lilikuwa limeshaota majani.

Tangu hapo hakucheka tena. Akawa anaipiga namba ile ya matapeli kila siku. Haipatikani. Enzi hizo laini ziliuzwa kama njugu, huulizwi jina, ukimaliza uovu wako unaitupa. Lakini Aristides alipiga. Alipiga akila, alipiga akimpimia mteja kitambaa.

Mchana mmoja amesimama mlangoni kwa Severa, namba ikaita. Akabonyeza sauti kubwa. Heriel alisikia, Severa alisikia.

"Haloo," mtu akasema. "Fundi Onesphory hapa. Tatizo simu au betri?"

Aristides akauliza: "Uko wapi?"

"Kona ya Likoma, mwavuli mwekundu. We njoo tu bosi, foleni hamna."

 Aristides akaichukua ile nondo ya geti pale ilipokuwa imesimama.

"Aristides," Severa akasema. "Mwizi gani anakuelekeza alipo?"

Ameshatoka. Alikuwa anakimbia na mwili wake wote, akiwaita wenzake wa chama kwa majina, duka kwa duka: tumempata, tumempata. Nao wakatoka. Mmoja na mwiko wa ugali, mmoja na mita ya chuma ya kupimia vitambaa.

Baadaye ilijulikana kwamba fundi Onesphory alinunua simu kuukuu asubuhi hiyo kwa mpita njia, laini imo ndani. Aliiwasha aone kama inafanya kazi. Basi. Lakini hakuna aliyemuuliza.

Severa akavua ndala, akakimbia. Heriel akamfuata na goti lake. Severa alipofika kona ya Likoma, mwavuli mwekundu ulikuwa chini na meza imepasuka, simu na betri zinasagwa na viatu. Onesphory alikuwa amepiga magoti, mtu mzima wa miaka thelathini na zaidi, ameshika masikio yake kwa mikono miwili, na damu inapita katikati ya vidole. Mdomo wa chini ulikuwa umechanika mpaka kidevuni. Alijaribu kusema na meno yakatoka na maneno.

Watu walimiminika. Wengi hawakujua amefanya nini. Mtu aliyekuja kununua kufuli alimpiga na kufuli lake jipya, halafu akauliza, "Kaiba nini huyu?" Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mgongoni alimpiga teke la mbavu, mtoto akaamka, akalia. Mchukuzi aliweka mzigo chini, akarusha tofali, akaubeba mzigo wake, akaendelea na safari. Kutoka upande wa Gerezani mtu alikuja akibingirisha tairi kama mchezo. Mwingine alishaanza kuvuta petroli kwenye pikipiki kwa mpira, anatema mate.

Severa aliingia na viwiko. Mtu mmoja akamvuta kanga, Severa akamwachia. Alimfikia fundi, akamkumbatia kichwa kwa tumbo lake, akasimama hivyo.

"Mama, toka," wakamwambia. "Toka tumalize kazi."

"Kazi ya nani? Nani amekuajiri?"

"Utaungua naye wewe bibi."

"Nipigeni basi. Nimepigwa na mgambo, nyie ni nani."

Mawe yakaendelea. Moja lilimpata begani, Heriel alilisikia kutoka nyuma ya umati. Nyuma yao palikuwa na duka la Kantilal, muuza nati na bolti, Mhindi wa siku nyingi. Zamani alimruhusu Severa kulaza marobota yake stoo. Amesimama ndani ya geti lake la vyuma, funguo mkononi, jasho linamtiririka.

"Kantilal, fungua," Severa akasema.

"Mama, nikifungua wataingia wote. Watanivunjia mimi, bana."

"Fungua kidogo."

"Nina familia."

"Naijua familia yako. Nimekula vitamu vya ladu kwenye harusi ya binti yako Shivani. Nilimshika mkono mkeo Anjana alipokuwa anajifungua. Fungua, Kantilal."

Kantilal akalia kama anayeng'olewa jino, akafungua nafasi ya mtu mmoja. Severa akaanza kumburura fundi kinyumenyume. Watu waliona chakula chao kinaondoka. Wakafoka, wakasukuma. Mbele yao alikuwa Aristides na nondo, uso wake si uso.

"Aristides," Severa akaita.

Aliinua nondo.

"Aristides."

Heriel alimwona Aristides akimtazama Severa na hamwoni. Alikuwa anamtazama fundi tu, kichwa kilichokuwa kinapita getini.

"Aristides," Severa akaita mara ya tatu, akainama juu ya kichwa kile, na nondo ikashuka.

Sauti ya pigo ilikuwa kama sufuria inayoanguka ndani ya sufuria nyingine. Severa alikaa chini taratibu, kama aliyechoka, mgongo kwenye geti. Alijishika nyuma ya kichwa, akautazama mkono, akaupangusa kwenye sketi. Mtu wa tairi aliliacha tairi likalala lenyewe. Watu wakaanza kuondoka kwa haraka ya watu wenye shughuli, na barabara ikabaki na simu zilizopasuka. Mojawapo ilikuwa bado inaita.

Sasa Heriel alimfikia. Alimvua Severa kilemba ili aone, akakirudisha.

Onesphory alipona. Mdomo wake ulishonwa vibaya, na sikio moja halisikii. Aristides alijipeleka mwenyewe kituoni, akaandikisha alichofanya, akatoka kwa dhamana maana aliyepigwa alikuwa bado yu hai. Matapeli wenyewe hawakuonekana mpaka leo.

Severa alikaa hospitali akilala na kuamka. Alipoamka aliuliza geti limefungwa na nini. Heriel akasema amenunua kufuli. "Umepunjwa," akasema, akalala tena.

Siku moja kabla Severa hajafa, Aristides alikuja. Alikuwa amekonda. Mkononi ana jani la sale, limetumwa kutoka Machame na basi la usiku, ncha zimekauka. Akapiga magoti kando ya kitanda. Heriel akasimama aende nje, maana aliogopa mikono yake mwenyewe. Severa akamshika shati.

"Kaa," akamwambia.

Akalipokea jani. Alilishika muda mrefu, akiligeuzageuza kama anayekagua mtumba, aone pamechanika wapi. Kisha akamwambia Aristides neno moja, akalaza kichwa.

Alipokufa, polisi walimchukua Aristides. Heriel akampelekea Kantilal simu ya Severa, akamwomba awaandikie watu wa kwao msiba. Kantilal aliandika polepole, akidondosha machozi kwenye vitufe.

Hapo ndipo simu zilipoanza. Kutwa nzima walipiga, watu waliokula nyumbani kwake, watu waliokuwa pale kona ya Likoma, mmoja baada ya mwingine. Walitaka kujua kama ni kweli.

"Kweli," Heriel akajibu.

"Siyo wale jamaa?"

"Siyo."

"Una uhakika, Baba Joyceline?"

"Nimemvalisha mwenyewe."

Walikuja wachache. Wakampandisha Machame, wakamzika nyuma ya migomba. Baada ya udongo, mwanawe mzee Ndekirwa alimvuta Heriel pembeni. Alikuwa amesikia habari ya jani. Alitaka kujua Severa alimwambia nini Aristides alipolipokea, maana naye alikuwa na kisa chake na mtu yule aliyemwita mbwa.

Heriel alivaa shati lake la siku zote. Lilikuwa nje ndani. Alimwambia kama alivyosikia, hakuongeza, hakupunguza:

"Nilikuita mara tatu, Aristides. Siku nyingine ukiitwa, itika."