Nilivyofungwa na Muuguzi wa Mutomo

Miaka ya themanini nilikuwa mwalimu wa hesabu Kikima, na katika mchezo wa sataranji nilikuwa nimeorodheshwa wa kwanza miongoni mwa waliokuja kushindana Kitui. Baba, mkulima wa Mbooni, hakuwahi kuniona nikicheza. Siku ya mashindano hayo alivaa koti la Jumapili, tukasafiri pamoja, akaketi nyuma yangu katika ukumbi wa kanisa.

Mpinzani wangu wa kwanza alikuwa muuguzi wa makamo kutoka Mutomo, mama aliyekuwa wa mwisho kabisa kwenye orodha.

"Mwalimu, usinimalize haraka," akaniambia. "Nimetoka mbali."

Nikacheka. Nilicheza mbio, kama mtu anayesahihisha hesabu za darasa la kwanza. Nikampeleka malkia wangu, kipande chenye nguvu kuliko vyote, pembeni kabisa akale askari mmoja wa bure. Mama yule akautazama ubao kwa muda mrefu, kisha akasogeza farasi wake.

Hapo ndipo nilipoona. Malkia wangu hakuwa na pa kutokea. Nilijaribu kila mraba kwa macho, nikarudia tena, na saa ya mezani inazidi kula dakika zangu.

Baba akainama sikioni pangu. "Unamshinda?"

Wachezaji hawakuruhusiwa kuongea. Ningeweza kutulia tu. Lakini niliitikia kwa kichwa, na nikamsikia akimnong'oneza jirani yake, "Ni kijana wangu huyo."

Malkia akaliwa. Kwa karibu saa nzima nikawa nasogeza vipande nikijua fika ninakoelekea, huku baba akihema kwa furaha mgongoni mwangu. Mwishowe nikamlaza mfalme wangu ubaoni, ishara ya kukubali kushindwa.

"Pole, mwalimu," mama akasema kwa upole.

Watu wakapiga makofi. Baba akasimama akapiga kuliko wote, mpaka jirani yake alipomvuta koti na kumweleza. Mikono yake ikabaki hewani.

Alikwenda kumpa yule mama mkono. "Nani alikufundisha?"

"Mgonjwa mmoja, mzee wangu. Alilazwa wodini kwetu miezi mingi."

"Alikufundisha vizuri," baba akasema.

Kisha akanipita, akatoka nje. Alasiri nilishinda michezo yangu yote iliyobaki. Kila nilipogeuka, kiti cha nyuma yangu kilikuwa kitupu. Alikuwa ameshapanda basi la kurudi nyumbani.