Majlisi ya Bu Rashidi

Siku yangu ya kwanza kazini Doha nilipewa brashi. Nilikuwa nimebeba miko yangu mwenyewe kutoka Mombasa, fundi plasta mwenye jina lake, halafu msimamizi, Mmisri aliyependa chai kuliko watu, akanitia mkononi brashi ya nywele laini.

"Shuf, tazama, rafiki," akasema. "Hapa hupigi plasta mpaka uijue nyumba. Kwanza pangusa vumbi."

Nilinuna hadi jioni, na chumbani kwetu mtaa wa Najma niliwaambia wenzangu nimekuja Ghuba kuwa yaya wa ukuta.

Nyinyi mafundi wa leo, mliolelewa na saruji, nyumba ile ingewachosha. Ilikuwa nyumba kongwe ya mfanyabiashara wa lulu, ya miaka ileile ambayo babu zetu walikuwa bado hawajaona reli, nayo ilikuwa imewekwa chini ya ulinzi wa sheria. Kuta zake zilikuwa za matumbawe yaliyoshikanishwa kwa udongo, kisha zikapakwa jasi, ambayo ni unga wa jiwe jeupe lililochomwa. Jasi haina subira. Ukizubaa inakuwa jiwe ndani ya karai, ndiyo maana fundi wake huchanganya kidogo kidogo na simu huiacha mfukoni. Ndani ya ukuta kulikuwa na badgiri, yaani mianya iliyofichwa ya kuvuta upepo ushuke hadi sakafuni. Dari lilikuwa la boriti za mikoko, na niliposikia kwamba zilitoka pwani yetu nilizipapasa kama ndugu niliyepotezana naye. Vyumba vyote vilitazama ua wenye kisima na mkunazi mkubwa. Hata huo mkunazi ulilindwa. Hukati tawi bila kibali.

Mwenyewe aliitwa Bu Rashidi, yaani Baba Rashidi. Alizaliwa katika chumba cha kaskazini, akazeeka humo, mpaka wanawe walipoikabidhi nyumba serikalini isije ikabomoka, wakamhamishia mji jirani wa Al Wakrah. Yeye alielewa jambo moja tu: nyumba inatengenezwa, ikiisha atarudi. Kila Alhamisi dereva alimleta na chupa ya karaki, chai nzito ya maziwa na iliki, naye mzee akatumiminia sote, kisha akaanza kunipa maagizo.

"Mwakio, kitanda changu kitakaa hapa chini ya badgiri. Choo kiwe karibu, magoti yangu yamechoka. Na katika majlisi uniachie shimo la moto. Mtu akija kwangu asikose kahawa."

Majlisi, kwa msiojua, ni chumba cha wageni chenye mlango wake wa nje. Mwanamume wa kule hujulikana kwa majlisi yake. Wageni huja humo kumpongeza, kumshitakia, kumpa pole.

Nikapeleka maombi yake kwa Mhandisi Mkuu. Huyu hakuwa mtu mbaya, na kazi aliijua.

"Bomba la choo litapita wapi?" akaniuliza. "Matumbawe yananyonya maji. Chumvi itapanda na kuila jasi yako yote. Na moto chini ya boriti hizi? Nimeshaona nyumba kama hii ikiteketea kwa sababu ya birika la kahawa. Hapa hatakaa mtu, Mwakio. Ni nyumba ya kutazamwa."

"Na mzee anajua?"

"Wanawe wamesema watamwambia."

Hawakumwambia. Mimi nami niliona si mahali pangu, mgeni wa kazi kumwambia mzee wa watu kwamba hana tena kwao. Kwa hiyo Alhamisi baada ya Alhamisi alinionyesha mahali pa kitanda, nami nikipaka jasi huku moyo ukiniuma.

Siku nyumba ilipofunguliwa alikuta kamba imefungwa mbele ya majlisi. Okello, askari wa mlangoni, kijana wa Uganda mwenye heshima zake, alimwambia kwa upole kwamba kuingia hakuruhusiwi.

"Mwakio, kamba hii ni ya nini?"

Hapo nikamweleza yote. Alinisikiliza, akauliza, "Na mimi je?"

"Utakuja kutazama, Baba."

"Nyumba yangu naijua. Siji kuitazama."

Hakurudi. Mimi nilibaki pale kama fundi wa matunzo, nikiziba nyufa, na Alhamisi zikawa ndefu.

Alifariki miaka michache baadaye. Wanawe walipokea rambirambi Al Wakrah, kwenye nyumba yao mpya. Lakini wazee wenzake hawakuuliza mahali. Kwao rambirambi hupelekwa kwenye majlisi ya marehemu, na majlisi yake waliijua tangu utotoni. Nilikuwa uani nikikoroga jasi Okello aliponipigia.

"Mzee, kuja haraka. Wazee wamejaa kwa mlango na hawana tiketi. Wananipa mkono moja moja."

"Wanasema nini?"

"Mungu anipe subira. Mimi nasema amina tu."

Nikaiacha jasi igande. Nilijaribu kuwaelekeza Al Wakrah, na mmoja aliyeegemea fimbo akanijibu, "Al Wakrah kuna nini? Majlisi yake ni hii." Nikafungua kamba. Walivua viatu, wakaketi kandokando ya kuta, nami nikaketi na Okello upande wa wafiwa kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Karaki tuliagiza dukani, ikaja katika vikombe vya karatasi.

Mhandisi Mkuu aliona kwenye kamera, akaja mbio. Nilijua kibarua kimeota nyasi. Alipofika mlangoni wazee walisimama wote, ndivyo anavyopokewa mgeni, wakamsogezea nafasi. Alitazama boriti, akatazama viatu vilivyopangwa nje, akavua vyake. Akaketi nasi, na kazi yangu nikabaki nayo.

Sasa nimestaafu, niko Voi, mgongo umegoma na miko imeshika kutu. Vijana huniuliza kazi gani nilijivunia. Nawatajia nyumba ile, maana kweli hamna kuta nilizopaka vizuri kuliko zake, lakini uchungu bado ninao. Niliitengeneza ikaliwe. Ilikaliwa adhuhuri moja tu, na mwenyewe alikuwa ameshazikwa.